Uzi: William Kentridge, mchoraji wa mkaa aliyeupa muziki wa klasiki kazi ya upagazi

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Mimi ni mwanakwaya, naimba sauti ya nne, na miaka yote nilidhani picha na muziki wa klasiki ni majirani wa kusalimiana tu. Picha unaitazama kimya, muziki unaufumbia macho. Kisha nikakutana na kazi za William Kentridge wa Johannesburg, na tangu hapo kila nikishika karatasi ya solfa (noti za kwaya) nayasikia maandamano ya watu wabeba mizigo wa kazi zake yakipita.

Wasifu wake kwa ufupi. Amezaliwa 1955, wazazi wote wawili wanasheria. Baba yake, Sydney Kentridge, ndiye aliyeiwakilisha familia ya Steve Biko, mpinga ubaguzi wa rangi, kwenye uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977. Kijana alisomea siasa na masomo ya Afrika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akajifunza kuchora, halafu akaenda Paris kusomea uigizaji wa mwili usio na maneno. Hayo yanatosha, maana mtu huyu anaeleweka zaidi ukiitazama mikono yake.

Anachora kwa mkaa. Karatasi moja kubwa imebandikwa ukutani, kamera imesimama upande wa pili wa chumba. Anachora, anatembea hadi kwenye kamera, anapiga picha. Anarudi, anaufuta mkono wa mtu aliyemchora, anauchora tena umepanda kidogo, anakwenda kupiga picha nyingine. Siku nzima ni safari hiyo ya kwenda na kurudi. Ukija kuitazama filamu, mkono unapanda kweli, lakini pale ulipokuwa pamebaki ukungu wa kijivu, kwa sababu mkaa haufutiki ukaisha. Mchora katuni wa kawaida angebadilisha karatasi kila mara. Kentridge anaiacha ile ile, na makovu yake yote. Mfululizo wa filamu hizo aliuanza 1989, miaka ambayo nchi yake nayo ilikuwa na mengi ya kufutwa na mengi yaliyokataa kufutika.

Sasa hoja yangu, na ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Kentridge hujenga vitu ambavyo jicho la mtu mmoja haliwezi kuvimaliza. Anafanya hivyo kwa makusudi. Halafu kile kilicholishinda jicho anakitwika muziki.

Mfano wa kwanza ni The Refusal of Time, aliyoionyesha mwaka 2012 Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho ya documenta 13. Unaingia chumbani na picha zinatembea kwenye kuta kutoka projekta tano kwa pamoja. Katikati kuna mtambo wa mbao unaokwenda na kurudi kama pafu linalopumua, na pembeni kuna vipaza sauti vya chuma, vile vya mdomo mpana kama tarumbeta. Kazi nzima ni nusu saa. Ukigeukia ukuta huu, mingine inakupita mgongoni. Muziki ni wa Philip Miller, mtunzi wa Afrika Kusini ambaye amefanya kazi na Kentridge tangu miaka ya 1990. Ukiwa mule ndani, kitu pekee unachokipata sawasawa na mwenzako aliyesimama kona nyingine ni ile sauti. Na pumzi ya mtambo ina historia yake: katika karne ya 19 mji wa Paris uliwahi kurekebisha saa zake kwa hewa iliyosukumwa kwenye mabomba chini ya barabara. Muda wenyewe ulikuwa unapulizwa! Miller akaijenga kazi juu ya pumzi hiyo, na sisi waimbaji tunajua kwamba ukikosea pumzi umekosea wimbo.

Lakini kazi iliyoniondoa usingizi ni The Head & the Load, ya mwaka 2018. Jina limetoka kwenye methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ndizo taabu za shingo. Ni habari ya Waafrika katika Vita Kuu ya Kwanza, na zaidi ya yote habari ya wapagazi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu ni habari yetu. Vita ya 1914 hadi 1918 kwenye nchi zetu ilipiganwa mahali pasipo na reli wala barabara za kutosha, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Basi mzigo ukaenda kwenye vichwa vya watu: unga, risasi, vipande vya mizinga, majeruhi. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja, na waliokufa ni takriban 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Litamke kwa haraka kama walivyolitamka wazee, utapata Kariakoo. Kila anayesema "nashuka Kariakoo" anawataja watu wale bila kujua. Pale kwenye mnara wa askari Dar es Salaam, aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Wapagazi wapo kwenye maandishi, wametajwa kama miguu na mikono ya jeshi.

Kentridge akaichukua habari hiyo na kuipeleka kwenye ukumbi wa mitambo wa Tate Modern, jumba la sanaa la London, mwezi Julai 2018. Jukwaa lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 50. Watu wanapita juu yake wamebeba vitu kichwani, vichwa vya kukatwa kwenye makaratasi, vifaa, maumbo yasiyo na jina. Taa inawamulika kutoka mbele, kwa hiyo nyuma yao ukutani vivuli vyao vinapanda vikubwa mara kadhaa kuliko wenyewe, vikichanganyika na michoro ya mkaa inayotembea. Mimi nimeitazama kwa video, sikuwahi kukaa ukumbini, na hata kamera imeshindwa: ikimfuata mwimbaji kulia, kushoto maandamano yanaendelea bila yeye. Kinachokuambia kwamba bado uko kwenye jambo lile lile ni muziki.

Na muziki wenyewe, wakuu! Philip Miller aliutunga pamoja na Thuthuka Sibisi, kijana wa Afrika Kusini ambaye ndiye aliyeuongoza. Upande mmoja kuna okestra ndogo ya New York, The Knights. Upande wa pili waimbaji wa Kiafrika, na kora (ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi) ya N'Faly Kouyaté wa Guinea. Vinaingia vipande vya watunzi wa Ulaya wa enzi zile zile za vita, akina Satie, Schoenberg na Hindemith, lakini havipewi nafasi ya kukaa. Kuna mahali kipande cha Schoenberg kinakatwa na kwaya inayopiga vitabu vya nyimbo kwa viganja. Paa! Paa! Kitabu kile kile tulicholetewa na wamisheni kimegeuka ngoma. Nilirudisha sehemu hiyo mara nyingi. Mimi nimeshika kitabu cha nyimbo kila Jumapili tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kufikiria kwamba kina sauti yake hata kikiwa kimefungwa.

Naomba kuwasilisha. Karibuni tujadili.

#2

Asante mleta uzi, umenifumbua macho kuhusu Kariakoo. Swali langu ni dogo: hii ni opera au ni maonyesho ya picha? Nimeshindwa kuiweka kwenye kapu lolote.

#3 · Mleta uzi

Karibu mkuu. The Head & the Load si opera, hakuna hadithi moja inayoanza na kuisha. Lakini Kentridge ameongoza opera zenyewe kabisa. Mwaka 2005 aliongoza The Magic Flute ya Mozart kwenye jumba la La Monnaie, Brussels, na 2007 ikaletwa kwao Afrika Kusini. Mwaka 2010 akafanya The Nose ya Shostakovich kule Metropolitan Opera, New York. Mwaka 2017 Wozzeck ya Alban Berg, Salzburg.

Ile ya Mozart ndiyo inayonikera kwa namna nzuri, kwa sababu hakuishia pale alipoalikwa. Opera ile inasifu mwanga wa busara unaolishinda giza, na kuhani mkuu Sarastro ndiye mwenye mwanga. Kentridge akajiuliza mwanga huo ulifanya nini ulipofika Afrika. Mwaka huo huo wa 2005 akatengeneza Black Box, iliyoonyeshwa Berlin: jumba dogo la maigizo, linaloendeshwa na mitambo, vikaragosi vinaingia na kutoka vyenyewe, na projekta zinamwaga michoro ya mkaa mbele na nyuma. Habari yake ni mauaji ya Waherero huko Namibia, yaliyoanza 1904, wakati von Trotha, jenerali wa Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, alipotoa amri ya kuwaangamiza. Miller akachukua muziki wa Mozart na kuuweka pamoja na sauti za Namibia. Kwa hiyo unasikia ule ule muziki mtukufu wa hekima, na mbele yako kikaragosi kinapima fuvu la kichwa cha mtu. Muziki haujageuzwa kuwa mbaya. Bado ni mzuri, na ndiyo maana unaumiza.

#4

Mkuu, mimi nitakuwa tofauti kidogo, usinielewe vibaya. Mzungu wa Johannesburg anachukua habari ya wapagazi wetu, anaiweka kwenye okestra, anaipeleka London na New York, watu wanalipa kiingilio na kupiga makofi. Halafu sisi tunafungua uzi kumshukuru. Mzigo bado tumebeba sisi, sifa anapata yeye. Na kwa nini muziki wa klasiki? Wapagazi wale walikuwa na nyimbo zao za safari.

#5 · Mleta uzi

Ndugu yangu, nakushukuru kwa kusema wazi, na sitalikwepa. Jina linaloandikwa kubwa kwenye bango ni la Kentridge, na hilo hata mimi linaniuma. Watu wengi wanaoitaja kazi ile hawamtaji Sibisi, wala Gregory Maqoma aliyeitungia mwendo wa miili, wala Ann Masina mwenye sauti inayotikisa vioo. Nimewataja hapa kwa makusudi.

Lakini kuhusu klasiki naomba nikubishie, kwa sababu hapo tunajinyima kitu chetu wenyewe. Mwaka 1891 kundi la vijana wa Afrika Kusini lilikwenda Uingereza kuimba, likajulikana kama African Choir. Waliimba mbele ya Malkia Victoria. Programu yao ilikuwa na nyimbo za dini, vipande vya opera, na nyimbo za kwao. Mmoja wao alikuwa Charlotte Manye, ambaye baadaye tulimjua kama Charlotte Maxeke, mwanamke aliyeacha alama kubwa katika kupinga sheria za pasi, zile zilizowalazimu Waafrika kubeba vibali vya kutembea. Sauti zao hazikuwahi kurekodiwa. Zilibaki picha tu, zilizosahaulika kwenye ghala la nyaraka London. Sasa sikia alichofanya Sibisi pamoja na Miller mwaka 2016: waliichukua programu ile, wakakaa na waimbaji vijana wa Cape Town, wakazitunga upya nyimbo kwa kukisia zilivyoweza kusikika, wakazirekodi. Unaingia kwenye chumba chenye picha kubwa za wale vijana wa 1891, wanakutazama usoni, na sauti zinatoka walipo. Nilipoziona picha zile niliwatambua. Wanasimama kama kwaya yetu inavyosimama siku ya picha, kidevu juu, mmoja kageuza bega.

Kwa hiyo solfa ni yetu tangu siku nyingi. Tumeinunua kwa gharama kubwa mno kuirudisha. Na nyimbo za safari zimo ndani ya The Head & the Load, zinapigana na okestra, wakati mwingine zinaifunika kabisa. Ukitoa okestra utakuwa umetoa vita yenyewe, maana wale watu hawakubeba mizigo msituni kwa hiari yao, waliibeba kwa ajili ya ugomvi wa watu waliokuwa wakicheza waltz.

Na kuna John Chilembwe ndani yake, yule mchungaji wa Nyasaland (Malawi ya leo) aliyeandika mwaka 1914 kupinga Waafrika kumwaga damu kwenye vita isiyo yao, kisha akaongoza uasi Januari 1915 na kuuawa. Kentridge hakuwachora wapagazi kama watu waliokaa kimya.

#6

Nimekuelewa mkuu. Ila nina swali la mtu wa kawaida. Siku hizi kuna maonyesho mengi ya Van Gogh: unalipa, unaingia ukumbini, maua yanapita kwenye kuta na sakafu, muziki wa piano unapiga. Nayo si ni hayo hayo?

#7 · Mleta uzi

Kuna kipimo rahisi mkuu. Zima muziki kichwani mwako, weka mwingine. Kwenye maonyesho hayo unaweza kutoa Debussy ukaweka Satie na maua yakaendelea kupita bila kudhurika. Pale muziki ni pazia, unapendeza tu. Kwa Kentridge ukibadilisha muziki jengo linaanguka.

Na si yeye peke yake anayefaulu. Janet Cardiff wa Kanada alifanya kazi moja mwaka 2001 ambayo haina picha hata moja. Alichukua wimbo wa Thomas Tallis wa karne ya 16, wenye sauti 40 zinazojitegemea, akamrekodi kila mwimbaji kwa maikrofoni yake, akapanga spika 40 kwa mviringo. Kila spika ni mtu mmoja. Unaweza kusimama na kuweka sikio karibu na besi mmoja ukamsikia anavuta pumzi, kisha ukarudi katikati na zote 40 zikakuangukia. Wanakwaya mnajua raha ya kusimama kati ya sauti ya pili na ya tatu. Cardiff ameitoa hiyo nafasi kwa kila mtu.

Mwingine ni Anri Sala, mzaliwa wa Tirana, Albania. Mwaka 2013 huko Venice aliweka filamu mbili za mikono ya kushoto ya wapiga piano wawili, wote wakipiga konseto ile ya mkono wa kushoto, yaani kazi ya piano na okestra, ambayo mtunzi Ravel alimtungia Paul Wittgenstein, mpiga piano aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu hiyo hiyo. Mwendo wa mmoja unaachana na wa mwenzake kidogo kidogo, halafu wanakutana tena, na chumba kimejengwa kisitoe mwangwi. Mwangwi wote unaousikia ni mkono mmoja unaoufuata mwingine. Vita moja, ndugu zangu. Yule aliyepoteza mkono akatungiwa muziki na mtunzi mashuhuri kabisa, kwa jina lake. Wetu waliopoteza kila kitu wakasubiri miaka 100.

#8

Nimesoma kimya tangu jana, leo nimeamua kuandika. Babu mzaa baba yangu alikuwa mpagazi upande wa Wajerumani. Bibi alikuwa akisema alirudi na bega moja limeshuka na hakuwahi kulinyoosha tena. Hatuna karatasi, hatuna picha, hatujui hata alitembea mpaka wapi. Tunachojua ni kwamba vita ilipoisha hakuna aliyekuja kuwaambia, walisikia kwa watu. Naomba kuuliza, kwenye hiyo kazi wanataja majina?

#9 · Mleta uzi

Dada au kaka, sijui nikuiteje, shikamoo kwa babu. Alichosema bibi kuhusu kuchelewa kwa habari kina ukweli wake kihistoria: Ulaya walinyamazisha bunduki tarehe 11 Novemba 1918, lakini von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu, alisalimisha jeshi lake Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba. Wiki mbili zaidi za mizigo.

Kuhusu majina, waandaaji walikuwa na tatizo lile lile la familia yako. Wapagazi wengi hawakuandikwa vizuri popote. Walichofanya na maneno ni kitu cha ajabu: walichukua maandishi ya watu wengine wakayavunja na kuyahamisha lugha. Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, anasemwa kwa Kiswati. Tristan Tzara, mshairi wa Ulaya wa enzi za vita hiyo, anasemwa kwa Kizulu. Wilfred Owen, mshairi wa Kiingereza aliyekufa kwenye vita hiyo, anasemwa kwa Kifaransa na kwa kubweka kama mbwa. Kwa hiyo mtazamaji wa London anakaa pale akisikia vita yake ikisemwa kwa lugha asiyoielewa, na hivyo ndivyo babu yako alivyosikia amri.

Mtu yeyote anayetaka kuanza, asianze na hiyo ndefu. Tafuta kwanza video za Winterreise, zile nyimbo 24 za Schubert za mwaka 1827 ambazo Kentridge aliziwekea filamu 24 mwaka 2014, Matthias Goerne akiimba na Markus Hinterhäuser akipiga piano. Ni mtu mmoja anatembea kwenye baridi, basi. Ukizoea kusikiliza huku mkaa ukitembea, njoo kwenye The Head & the Load. Vaa hedifoni nzuri, usitumie spika ya simu, maana besi zitapotea zote. Mara ya kwanza tazama. Mara ya pili geuza simu kifudifudi usikilize tu, na pale vitabu vinapoanza kupigwa hesabu mapigo kwa vidole. Utaona ni mwendo wa miguu, na kuna mguu mmoja unaochelewa.